Mshono wa Gunia

Athumani mwanangu,

Salamu nitakupa kwa mdomo ukirudi magharibi, maana umekwenda tu hapo mlimani na mama yako kumuaga mjomba wako, na ni kichekesho mtu kumwandikia salamu mtoto atakayekula naye jioni hiihii. Barua hii ni ya kesho na baada ya kesho. Naiandika barazani, kwa herufi za Kiarabu za chuoni, juu ya karatasi niliyokuwa nikikatia ruwaza za suruali. Naiandika sasa, jua lingali juu, kwa sababu mafuta ya taa tumeyasahau tangu meli zilipoacha kuja. Kukiingia giza sitauona mstari, na wewe utakuwa umeketi mbele yangu. Nami nikiwa na mtu mbele yangu huzungumza habari za sindano tu. Hilo unalijua kuliko mtu yeyote.

Sitakuagiza mambo ya njiani. Maji gani unywe, ulale upande gani wa moto, mama yako ameshakuambia, na alilolisahau atalisema kesho mkiwa mlangoni. Wala sitakuambia ukimbie. Jumbe alisema mbele ya watu kwamba kijana asipofika bomani asubuhi, mama yake atafungwa kamba badala yake. Ulisikia, ukanitazama, ukasema, "Nitakwenda, baba." Hukunipa hata nafasi ya kujifanya ninawaza. Mwingereza yu njiani, ndivyo wasemavyo sokoni, na Mdachi anahamia kusini na kila kitu chenye mabega. Punda wake wamekwisha kwa mbung'o. Mmebaki ninyi kumbebea mizigo.

Nataka kukueleza hiki kitu nilichokushonea, ambacho utakikuta juu ya kitanda chako. Ukikitazama utadhani baba yako amepungukiwa na akili. Kina rangi kama za kinyago, kimevimbavimba, na mishono yake hata mtoto wa chuo angeionea aibu. Lakini siwezi kukueleza hicho kabla sijakueleza mkono ulioshona.

Jina nililopewa na wazazi wangu watu wa mji huu hawalijui. Wanajua Fundi Kaza. Kazi nilijifunzia Bagamoyo, kwa fundi mmoja ambaye hakukagua nguo kwa macho. Aliishika huku na huku, akaivuta kwa nguvu zake zote. Mshono ukiachia, kofi. Usipoachia hakusema neno, na kule kutosema ndiko kulikuwa sifa. Nilikula makofi mpaka vidole vyangu vikaelewa. Nilipofika Morogoro nikakaa kwenye baraza la duka la Mhindi na cherehani ya kukodi, nikashona suruali za makarani na kanzu za walimu, watu wakaanza kutania: suruali ya Fundi Kaza humzika mwenyewe. Yaani wewe utakufa, yenyewe itabaki. Nilicheka nao. Nikawa nairudia kauli hiyo mwenyewe kwa kila mteja mpya, kama mtu anayetembeza sahani ya halua. Siku hizi hakuna anayeitamka mbele yangu.

Mabaki ya nguo nilikuwa nayafagia. Vipande vya merikani, vya kaniki, vya bafta, pembe za mifuko, ncha za kola, vyote nje. Mama yako akawa anakuja nyuma ya ufagio akiokota. Kwao juu mlimani kuna baridi inayoingia mifupani, na bibi yako alikuwa akiunga vipande namna hiyo, tabaka mbili, akajaza katikati vitu laini, akapata mfarishi wa kuwafunika watoto wake wote. Mama yako alipotaka kushona wake hapa mjini nilimkatalia. Nilimwambia, "Mke wa fundi ajifunike viraka? Watu watasema nimefilisika." Hakuacha kuokota. Aliweka gunia lake karibu na jiko, nami kila nikipita nalipiga teke.

Vita vilipokuja, Mhindi aliuza jora lake la mwisho akafunga mlango. Uliwaona watu wazima wakirudi kuvaa magome ya miti, mavazi ya babu zao. Mwalimu wa chuo chako alikuja hapa amevaa gunia lililotobolewa shingo, akanisalimia kwa heshima yake yote, nami nilishindwa pa kutazama. Ndipo lile gunia la mama yako likafunguliwa. Kiraka cha goti kwa kibaba cha mtama. Kipande kirefu chembamba, utambi wa taa ya mafuta ya nyonyo. Kitambaa cheupe kilichochemshwa, cha kufungia kidonda. Vilivyokuwa vidogo mno kuwa kiraka alivisokota akafanya ngata za kubebea mitungi, na vilivyokuwa vidogo kuliko hivyo alivifumua, akapata uzi, maana uzi nao ulikuwa umekwisha nchini. Tuliishi kwa takataka zangu, Athumani. Nilizila, nami bado nilikuwa sijamwambia mama yako ahsante.

Kisha wakamchukua Juma.

Kaka yako alikuwa na nguvu na alijua kuwa ana nguvu, kwa hiyo walimpa masanduku ya risasi. Safari ya kwanza alirudi shingo imekakamaa, hawezi kugeuka kumtazama mtu. Akaniambia, "Baba, kichwa kimechoka. Nishonee kitu nibebe mgongoni." Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi, kwa kuwa tangu duka lifungwe hapakuwa na mtu aliyeniomba kitu kinachohitaji fundi. Nikamshonea kizibao. Mabegani nikajaza matambara, nikayapiga mishono ya msalaba, karibukaribu, mpaka pakawa pagumu kama ngozi ya kifaru. Mgongoni nikatia vitanzi vya turubai vya kupitishia kamba za sanduku, na kila kitanzi nikakishona, nikarudia, nikarudia tena. Mbele vifungo vya mfupa hadi kooni. Kisha nikamwambia Juma asimame, nikashika vile vitanzi, nikamvuta kwa nguvu zangu zote kama yule fundi wa Bagamoyo. Kijana akayumba, vitanzi vikatulia.

Mama yako alikuwa akichambua mchicha. Aliinua macho akauliza, "Akianguka je?"

Nikamjibu, "Haanguki. Na hata akianguka, mzigo hautamtoka."

Ndivyo nilivyosema. Kwa majivuno, na Juma akacheka, nawe ukacheka.

Yaliyofuata unayajua, ulikuwepo yule kijana wa Kingolwira alipokuja na donda lake la mguu. Lakini ulikuwa umekaa kizingitini ukimtazama yeye. Mimi hukunitazama, na ninashukuru. Alisema, "Shikamoo, fundi," nikamwitikia, nikampa maji kwenye kata. Akaeleza jinsi walivyokuwa wakipeleka masanduku Kisaki, na jinsi mto Mgeta ulivyokuwa umejaa, rangi ya udongo, na askari nyuma yao wakipiga kelele wavuke.

"Tulishika kamba," alisema. "Juma akateleza. Sanduku likatangulia chini, likamvuta. Mimi nilimshika mkono, mwingine akamshika nguo. Tukavuta vile vitanzi, fundi, tukavivuta mpaka kucha zikatoka damu. Visu hatuna, walitunyang'anya. Havikuachia. Aliyeshona kile kizibao mimi simjui, lakini Mungu na amuulize."

Mama yako akasema kutoka mlangoni, "Usimtafute mbali. Ndiye huyo aliyekupa maji."

Yule kijana akaiweka kata chini polepole, akaniomba radhi. Mimi ndiye niliyeombwa radhi! Wewe ukainuka ukatoka nje, ukarudi kesho yake. Sijakuuliza ulikwenda wapi, na sasa naona haya kuuliza.

Nimelala na jambo hili usiku mwingi, na kila nikiligeuza naliona upande mwingine mbaya. Vitanzi pekee havikutosha kumzamisha. Yale matambara niliyomjaza mabegani yalikunywa maji. Matambara hunywa kama ng'ombe, kila mwanamke anayefua anajua hilo. Kwa hiyo sanduku lilimvuta kutoka chini na mimi nikamlemea kutoka juu. Hatukumpata, hatukumzika, tulisoma hitima bila kaburi. Watu walikuja kunipa pole na nikaona wanavyokwepa kutazama cherehani. Mji mdogo huu. Kila mtu alikuwa ameshasikia ule utani wangu.

Tangu siku hiyo mama yako alinipa chakula na maji ya kuoga, basi. Sikumlaumu. Mwenyewe nilikuwa sijisemeshi.

Sasa njoo kwenye siku ile jumbe alipokutaja wewe. Ulipotoka, mama yako aliburuta gunia lake kutoka jikoni, akaliweka miguuni pangu.

"Huyu utamvalisha nini?"

Nikasema, "Mimi sishoni tena, Mama Juma."

"Basi aende bega tupu, sanduku limchune ngozi? Shona. Ila safari hii shona kama mtu anayejua kuwa watu huanguka."

Mdomo wa gunia ulikuwa umefungwa kwa kitani. Nikatafuta mkasi. Akasema, "Weka mkasi. Vuta huo uzi." Nikavuta. Gunia zima likafunguka kwa mkupuo mmoja, krrr, kutoka pembe hadi pembe, uzi wote ukabaki mkononi mwangu mzima, haukukatika hata mahali pamoja. Nilikaa nikiutazama. Nikamuuliza nani ameshona.

"Mwanao," akasema. "Yule mfunga magunia."

Hilo ni neno langu, Athumani. Alilitoa mahali alipolihifadhi akanirudishia.

Ulikuwa mdogo uliponiletea mfuko wako wa kwanza. Kitambaa cha bafta, mistari imepindapinda. Niliushika huku na huku mbele ya wateja, nikauvuta, ukafumuka, nikautupa barabarani, nikasema mkono wako ni mlegevu kama mlenda. Juma akacheka, wateja wakacheka. Ulipokua hukurudi kwenye baraza langu. Ulikwenda kwenye ghala la mpunga ukashona midomo ya magunia kwa shazia, ile sindano nene, na watu waliponiuliza kama mwanangu wa pili naye ni fundi, nilisema, "Huyo? Huyo ni mfunga magunia." Sikukuu moja ulikuja na nyama uliyoinunua kwa jasho lako, ukampa mama yako, nami nikakuuliza kama nayo umeishona kwa kitani. Ulitabasamu. Nilikuona ulivyotabasamu, nikaila ile nyama.

Nilidhani mkono unaolegeza ni mkono usiojua. Sikuwahi kufikiri kwamba gunia hushonwa hivyo makusudi, kwamba lina kazi mbili, kushika njiani na kuachia likifika. Nguo zangu zilijua kazi moja.

Basi nikaanza. Mama yako alisema tujaze sufi, si matambara. Alikumbuka takia la bibi yako lililochukuliwa na maji ya kijito, wakalikuta mbali bondeni limeelea, limenasa kwenye matete. Misufi ya njia ya misioni imeanza kupasuka, na watoto wameokota walichookota, lakini tulipata ya kutosha. Hata hivyo sikutaka kuamini takia la hadithi. Nilikwisha amini mikono yangu na ikanidanganya. Nikashona vifuko viwili vilivyo sawa, kimoja nikajaza matambara, kimoja sufi, nikaenda navyo mtoni. Ulidhani nimekwenda kufua, na ulishangaa, maana lini mimi nimefua.

Mama yako alinifuata. Nikavitupa vyote viwili. Cha matambara kiliyumba kidogo, kikanywa, kikazama, tukakiona kikikaa chini kwenye mchanga. Cha sufi kikaenda zake juu ya maji, kinapinduka, kinainuka, mpaka kikanaswa na jiwe. Mama yako akaingia na kanga yake, akakichukua akakikamua, hakikutoa maji ila kidogo. Akasimama nacho palepale, maji magotini. Kisha akalia. Tangu Juma afe sikuwa nimemwona akilia, nadhani alikuwa akilia mahali ambapo mimi sipo. Nami nikalia, mwanamume mzima mwenye mvi, mbele ya wanawake wanaofua. Walidhani tumepata msiba mpya. Mmoja akauliza, "Nani tena?" Mama yako akamjibu, "Ni yuleyule."

Hicho kitu kitandani kwako kimetokana na tulichokiona mtoni. Ni vifuko vya vipande, kila kimoja kama kiganja, kila kimoja na sufi yake ndani, midomo imefungwa vizuri. Hapo nimekaza, hapo pekee. Vimeunganishwa kimoja kwa kingine kwa mshono wako. Vipande sikuvichagua kwa kumbukumbu, usije ukakaa njiani ukitafuta shati la nani liko wapi. Nimechagua vilivyofumwa kwa kubana, visivyovuja sufi. Khaki sikutia hata ncha, ingawa gunia lilikuwa nayo, kwa sababu askari akiiona atauliza umeiba wapi, na hatasubiri jibu. Ule weupe wa pembeni ni bendera, mabaki ya zile nilizopewa kazi ya kuzishona siku za sikukuu ya Kaisari. Kile kipande cha kanga pale shingoni alikitia mama yako nilipokwenda kuswali. Nilikiona, nikakiacha.

Usiku utajifunika. Mchana utakikunja mara mbili mabegani, na sanduku litakaa juu yake. Kidonda kikikupata, ng'oa kifuko, kitambaa funga, sufi washia moto. Mwenzako akikosa ngata, mpe. Usikionee uchungu. Wakati wangu nilishona nguo ili zibaki. Hiki nimekishona kiishe. Ukirudi na vipande vitatu sitauliza vingine viko wapi, ila ukitaka kunieleza nitasikiliza.

Lakini mkono wangu, mwanangu, ulikuwa mgumu kufundishika! Nalegeza, nageuka kidogo, nakuta umekaza wenyewe. Mama yako alikuwa amekaa karibu akijaza sufi, pua yake nyeupe kama ya mwokaji.

"Umekaza," anasema.

"Sijakaza."

"Umekaza, Baba Juma. Vuta uone."

Navuta, hauji. Nafumua, naanza tena. Ndiyo maana juzi nilikuuliza, kama mtu asiye na haja, eti gunia huanzwa upande gani. Ulinitazama kidogo ukasema, "Kulia, baba. Na mwisho wake unapitisha tu, hupigi fundo." Hukuuliza kwa nini nataka kujua. Ukaendelea kupasua kuni. Nadhani ulijua, na hukutaka kuniaibisha, na hapo nikaona kwamba umenishinda kwa mengi, si kwa mshono tu.

Sasa sikiliza, hili ndilo ninaloliandikia barua yote.

Mgongoni kuna vitanzi viwili vya kamba za mzigo. Visingekuwepo, sanduku lingekaa kichwani na shingo yako ningekuwa nimeiua mimi kwa woga wangu. Vimeshikwa kwa mshono wa gunia, uzi mmoja kwa vyote viwili, uzi mwekundu niliofumua kwenye bendera nikausokota mara nne na kuupaka nta. Ncha yake inapita chini ya kwapa la kushoto, imefungwa ushanga mmoja wa mama yako. Askari hatauona. Wewe hata gizani, hata chini ya maji, kidole chako kitaujua. Uvute kwenda mbele, kama ulivyofungua magunia yote yale ghalani. Nimeujaribu kwa mawe mgongoni mwangu mwenyewe huko nyuma ya nyumba, na mama yako amehesabu pumzi. Mawe yalianguka. Nikashona upya, nikajaribu tena, yakaanguka tena. Mguu wangu, huu mbovu wa tangu zamani, umevimba kwa ajili ya mawe hayo, na nimefurahia kila maumivu yake.

Mto ukikushika, usifikirie sanduku. Mimi nimekulea kwamba kazi ya mtu isimtoke mkononi, nimekupiga kwa ajili hiyo, sasa nakuambia iache. Risasi za Mdachi na zizame. Watakulaza chini watakupa viboko hamsa ishirini, huenda wakaongeza. Pokea. Mgongo nitaupaka mafuta mwenyewe kila siku, nitakuwa na wakati mwingi. Na kama maji yamekuzidi kabisa, vua na hiki changu, usiseme hiki ni cha baba. Kiache kiende na maji. Juma alikuwa na adabu. Wakati mwingine nafikiri, na ndilo wazo linaloniamsha, kwamba huenda angeweza kuvipasua vile vifungo vya kifua, lakini alikuwa amevaa nguo aliyoshonewa na baba yake, akakawia.

Siwezi kukuahidi kwamba Mungu atakulinda. Juma naye alikuwa na Mungu huyuhuyu na dua za mama huyuhuyu. Huenda uzi ukakatika. Huenda ikawa homa, au njaa, au risasi mahali pakavu ambapo sufi haina kazi. Mimi ni fundi, najua mwisho wa kitambaa changu uko wapi, na hapa ndipo kilipokwisha. Ninaogopa, Athumani. Nilikuwa naogopa hata ulipokuwa ukinijibu pale kwenye kuni. Na nakupenda, neno ambalo sikuwahi kukuambia kwa sababu nilidhani makofi na chakula vimeshalisema.

Naona mama yako anateremka, na wewe nyuma yake umebeba mkungu wa ndizi wa mjomba. Unatembea vizuri. Mwanga unanitosha kwa mstari mmoja au miwili tu.

Hicho changu ukirudi nacho, tutajifunikia. Usiporudi nacho, rudi wewe. Rudi hata uchi mchana kweupe katikati ya soko, watu wacheke, wanawake wafunike macho. Njoo hivyohivyo mpaka barazani. Nguo nitakushonea.

Ni mimi baba yako,
mfunga magunia.